Sheria Iko Wapi Mwanamke Anapopigwa kwa Ajili ya Siasa?



Tangu Desemba 1991, kifungu cha 2A kilipofutwa katika Katiba ya zamani na njia ya vyama vingi ikafunguliwa tena, Wakenya walikwenda kupiga kura za uchaguzi mkuu mwaka 1992, 1997, 2002, 2007, 2013, 2017 na 2022. Kila mara hesabu zilisomwa redioni usiku kucha: kura za huyu, kura za yule, zilizoharibika na zilizokataliwa. Iko hesabu moja ambayo haikusomwa hata mara moja. Ni hesabu ya wanawake waliopigwa, waliochaniwa nguo, waliobakwa, na waliotishwa hata wakajiondoa, kwa sababu tu walithubutu kuutaka uongozi, au kumpigia kura wamtakaye, au kuandamana wakidai haki za watoto wao.

Wako watakaosema kwamba siasa ya nchi hii humpiga kila mtu, mume kwa mke, na kwamba rungu la askari halichagui. Hayo ni kweli nusu. Mwanamume mwanasiasa hupigwa kwa yale aliyoyasema. Mwanamke hupigwa kwa yale aliyoyasema, kisha hupigwa mara ya pili kwa kuwa ni mwanamke aliyeyasema. Mwanamume haambiwi jukwaani aeleze mumewe ni nani na ameachwa kwa nini. Mwanamume hatishiwi kubakwa ili aache kugombea kiti cha udiwani. Mwaka 2021 Umoja wa Mabunge Duniani na Umoja wa Mabunge ya Afrika ulichapisha uchunguzi uliowahoji wanawake 224, wabunge na watumishi wa mabunge, kutoka nchi 50 za bara letu. Kati yao asilimia 80 walisema wametendewa dhuluma ya maneno na ya kuumiza nafsi, asilimia 42 walikuwa wametishwa, asilimia 39 walikuwa wametendewa dhuluma ya kijinsia, na asilimia 23 walikuwa wamepigwa. Hao ndio waliokwisha kufika bungeni, wenye mishahara na walinzi. Yule wa kijijini anayetembea kwa miguu akiomba kura, nani amemhoji?

Lakini makala haya hayaandikwi kuthibitisha kwamba dhuluma hiyo ipo. Msomaji anajua kwamba ipo. Swali letu ni jingine: mwanamke huyo akiondoka pale alipoangushwa, akajifuta vumbi na kwenda kuitafuta sheria, huikuta wapi, na humpokea vipi?

Tuanze na mahakama, kwa kuwa ndiko tunakofundishwa kwamba haki hukaa. Mwaka 1989 serikali ya chama kimoja ilitaka kujenga jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Profesa Wangari Maathai akaandika barua kupinga, na zilipodharauliwa akaenda Mahakama Kuu. Mahakama haikumwambia kwamba hoja zake ni mbovu. Ilimwambia kwamba yeye hana haki ya kuleta shauri lile, kwa kuwa bustani ni ya umma na mtetezi wa umma ni Mkuu wa Sheria, yaani mshauri wa serikali ile ile iliyotaka kuimega bustani. Kesi ya ngedere, hakimu nyani! Bungeni wakamkejeli kwa talaka yake, na Rais akasema hadharani kwamba mwanamke mwema wa Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Angalia jinsi mambo hayo matatu yalivyokwenda pamoja. Mahakama ilimfungia mlango, Bunge likamtukana, na Ikulu ikamwamuru anyamaze. Hakuna aliyekuwa amemgusa kwa mkono bado, lakini kila askari aliyekuwa na rungu alikwisha kuelewa kwamba mwanamke huyu hana mwenyewe.

Haikupita miaka mitatu, mkono ukafuata. Februari 28, 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, miongoni mwao Mama Monica Wangu Wamwere, waliketi katika pembe ya bustani hiyo hiyo wakafunga kula, wakidai wana wao waachiliwe. Machi 3 askari wakawaingilia kwa vitoa machozi na marungu. Wangari alipigwa hata akapoteza fahamu. Baadhi ya wale akina mama wazee wakavua nguo zao mbele ya askari wa umri wa watoto wao, na kila mwenye kulelewa katika mila zetu anajua ile ni laana ya namna gani. Walipofukuzwa bustanini walipokewa katika Kanisa Kuu la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima, hata wafungwa wengi walipoachiliwa. Kanisa lilifanya yaliyopasa kufanywa na mahakama. Tunalikumbusha jambo hili si kwa kujisifu, maana tutarudi kwa kanisa baadaye na maneno hayatakuwa matamu.

Kisa cha tatu cha mama huyo huyo ndicho kinachotufikisha mahali ambapo sheria hasa hushindwa. Januari 8, 1999, Wangari na wenzake walikwenda msitu wa Karura kupanda miti katika ardhi ya umma iliyokuwa imegawiwa watu binafsi. Walinzi waliokodiwa wakawashambulia, naye akapasuliwa kichwa. Akaenda kituo cha polisi kuandikisha habari, na alipoambiwa atie sahihi, alichovya kidole katika damu iliyokuwa ikimtoka kichwani na kutia alama kwa damu hiyo. Hati ya mashtaka haikupata kuwa na wino wa kweli kuliko huo. Ila hata kwa sahihi ya damu, polisi hawakwenda kuwakamata waliompiga, ambao walikuwa bado msituni.

Hapo, ndugu wasomaji, penye ile meza ya mbao ya kituo cha polisi, ndipo tunapotaka kukaa leo. Siku hizi watu wengi huzungumza juu ya sheria mpya, na sisi hatuzipingi. Lakini mtu akizihesabu sheria zilizopo atastaajabu kwamba nchi yenye maandishi mema hivi ina matendo mabaya hivi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya dhuluma, itoke serikalini au kwa mtu binafsi. Kifungu cha 22 kinampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kwa niaba ya umma, na kwa hiyo ule mlango aliofungiwa Wangari mwaka 1989 sasa uko wazi. Ipo Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006. Ipo Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, inayokataza nguvu na vitisho. Ipo Sheria ya Uchaguzi ya 2011 pamoja na kanuni zake za maadili, ambazo kila chama na kila mwaniaji hutia sahihi, na ndani yake wameahidi kuhakikisha kwamba wanawake wanafika kwenye mikutano na maandamano ya siasa bila kizuizi na kushiriki kwa usawa. Ni waniaji wangapi wamewahi kuzisoma kanuni hizo kabla ya kuzitia sahihi? Tungependa kuwajua.

Hata sheria hizo hazikuzaliwa kwa urahisi, na namna zilivyozaliwa inafundisha. Mwaka 2006, muswada wa makosa ya kijinsia ulioletwa na Mheshimiwa Njoki Ndung'u ulipojadiliwa, mbunge mmoja alisimama na kueleza kwamba mwanamke wa Kiafrika akisema hapana maana yake ni ndiyo. Wabunge wanawake waliondoka ukumbini. Muswada ukapita, lakini ubakaji ndani ya ndoa uliondolewa, na kikatiwa kifungu cha 38 kilichosema kwamba anayeleta mashtaka ya uongo atapewa adhabu ile ile ya kosa alilolishtaki. Fikiri hapo: msichana aliyebakwa na mtu mwenye cheo, asiye na shahidi, anaambiwa kwamba asipoweza kuthibitisha huenda akafungwa yeye. Ilichukua hadi mwaka 2012 kukifuta kifungu kile. Kwa miaka sita sheria iliyotungwa kumlinda mlalamishi ilikuwa imemwekea kisu shingoni.

Na katika miaka sita hiyo ndipo yalipotukia mabaya kuliko yote. Septemba 2007 Flora Igoki Terah, aliyekuwa akiwania ubunge wa Imenti Kaskazini, alivamiwa na genge la wanaume, akapigwa, akanyofolewa nywele, akalishwa kinyesi, na kuambiwa aachane na siasa. Hakuachana nayo. Aliyasimulia hayo hadharani kwa jina lake mwenyewe na baadaye akayaandika kitabuni, jambo ambalo wengi hawalithubutu. Mwaka uliofuata mwanawe wa pekee aliuawa.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007, na nchi ikawaka moto. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na visa vya dhuluma ya kijinsia zaidi ya 900. Ilisema wazi kwamba miongoni mwa waliobaka walikuwamo maofisa wa usalama. Sasa mwulize mama aliyebakwa na mtu mwenye sare aende wapi kuandikisha habari. Aende kituoni kwa wenye sare. Sheria ilimwambia apige ripoti mahali alipotoka adui yake, na asipopiga, baadaye angeulizwa mahakamani: mbona hukupiga ripoti?

Wengi waliielekeza macho The Hague. Katika moja ya kesi za Kenya kule, ubakaji ulikuwamo katika orodha ya mashtaka. Kesi hiyo iliondolewa Desemba 2014, na ile nyingine ikasitishwa Aprili 2016. Machi 2015 Rais alitangaza bungeni mfuko wa Sh bilioni 10 wa kuwafariji waliodhulumiwa, na watu walipiga makofi.

Hawakupiga makofi wale 8 waliokuwa wamekwisha kwenda Mahakama Kuu ya Nairobi, mwezi Februari 2013, pamoja na mashirika 4 ya kutetea haki. Hawa hawakumshtaki mbakaji fulani. Waliishtaki Serikali yenyewe, kwa kushindwa kuwalinda, kushindwa kupeleleza na kushindwa kushtaki. Ni mwendo ambao kila mwanaharakati anapaswa kuuelewa, kwa sababu umegeuza swali. Kwa kawaida mlalamishi huulizwa athibitishe ni nani aliyemtenda. Hapa Serikali iliulizwa ithibitishe ilifanya nini ilipoambiwa. Mnamo Desemba 10, 2020, siku ya haki za binadamu, Jaji Weldon Korir aliamua kwamba Serikali ilikiuka haki za wahanga 4 kati ya wale 8, na kuwapa fidia ya Sh milioni 4 kila mmoja. Wengine 4 hawakupata.

Tuipime hukumu hiyo kwa haki. Ilikuwa ni mara ya kwanza mahakama ya Kenya kusema kwamba Serikali inawajibika kwa ubakaji uliotukia wakati wa fujo za uchaguzi, nasi hatutaki mtu aidharau. Lakini ilikuja miaka 7 na miezi 10 baada ya shauri kufunguliwa, na karibu miaka 13 baada ya tendo. Mtoto aliyezaliwa kwa ubakaji ule alikuwa amekwisha kuwa mkubwa wa kwenda shule. Na waliofidiwa ni 4, katika nchi ambayo tume yake yenyewe ilihesabu zaidi ya 900.

Wasomaji wetu wa kanisani wanamjua yule mjane wa Injili aliyemwendea kadhi asiyemcha Mungu wala kumjali mtu, akamwendea tena na tena hata kadhi akachoka naye akampatia haki yake. Tumezoea kuhubiri subira ya mjane. Ni nadra kusikia mahubiri juu ya yule kadhi, na juu ya mji uliomwacha akae kitini.

Uchaguzi wa 2017 ulionyesha kwamba kadhi alikuwa hajabadilika. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu iliandika visa 201 vya dhuluma ya kijinsia katika uchaguzi ule, na ikasema kwamba zaidi ya nusu vilitendwa na maofisa wa usalama. Ni katika msako ule ule wa Agosti, Kisumu, ndipo mtoto Samantha Pendo, wa miezi 6, alipopigwa kichwani na kufa. Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliidhinisha maofisa kadhaa wa polisi washtakiwe kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, ukiwamo mauaji na ubakaji, chini ya sheria ya makosa ya kimataifa ambayo Bunge letu liliipitisha mwaka 2008 na ikakaa kabatini. Hatua ilikuwa kubwa. Baadaye tukaanza kuhesabu tarehe za kusomewa mashtaka zilizoahirishwa, moja baada ya nyingine.

Mtu asidhani kwamba ni askari peke yake. Mlango wa pili ambapo sheria hushindwa ni mlango wa chama. Kura za mchujo ndizo siku za giza kuliko zote kwa mwanamke mwaniaji, kwa kuwa pale kuna vijana wa kukodiwa, pombe na fedha, na polisi husema hayo ni mambo ya ndani ya chama. Chama nacho husema hayo ni mambo ya polisi. Anayepigwa hubaki katikati. Na mwenye kupiga akishinda mchujo, hupewa cheti chake na kupongezwa jukwaani. Kanuni za uchaguzi zinaruhusu onyo, faini, na hata mwaniaji kuzuiwa asigombee. Silaha zipo katika ghala. Mwenye ufunguo analala.

Tena kuna ugonjwa wa mapatano. Septemba 2013 gavana wa Nairobi wa wakati ule alimpiga kofi mwakilishi wa wanawake wa kaunti hiyo mbele ya kamera, na nchi nzima ikaona. Kama lingekuwa ni kosa la mlevi sokoni, lingeisha kwa hakimu asubuhi ya pili. Hili liliishia kwa mapatano, si kwa hukumu. Hatumlaumu mlalamishi, kwa maana hatukuvivaa viatu vyake na kila mtu ana mzigo wake. Tunachosema ni kwamba kofi lile lilionekana na mamilioni, na kimya cha sheria kilichofuata nacho kilionekana na mamilioni hao hao, wakiwamo vijana wa magenge.

Kwa kosa la kijinsia mapatano ya namna hiyo si halali hata kidogo. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kijinsia kinasema kwamba uamuzi wa kuacha upelelezi au mashtaka si wa polisi wa kituoni. Ni wa mwenye mamlaka makuu ya kushtaki peke yake. Si wa chifu, si wa wazee, si wa mwenyekiti wa chama wa tawi. Na tuseme sasa yale tuliyoahidi: si wa mchungaji wala padre. Ni mara ngapi mwaniaji aliyedhulumiwa ameitwa ofisini mwa parokia, akakalishwa mbele ya aliyemdhulumu, ambaye ni mfadhili wa harambee ya paa la kanisa, akaambiwa yaliyopita si ndwele? Kanisa lililowafungulia milango akina mama wa 1992 halina haki ya kuwafunga midomo binti zao. Msamaha ni wa aliyeumizwa kuutoa apendapo, mbele ya Mungu wake. Jalada la polisi ni la Jamhuri.

Nchi nyingine zimejaribu njia yao. Nchini Bolivia, diwani mmoja wa Ancoraimes, Juana Quispe, alisumbuliwa na wenzake baraza zima ili ajiuzulu. Alikataa, na Machi 2012 akauawa. Mei mwaka huo nchi yake ikatunga Sheria nambari 243, ya kwanza duniani ya aina yake, inayoyataja kwa jina makosa ya kumsumbua na kumdhulumu mwanamke kwa sababu ya siasa, na kuyawekea kifungo. Aprili 2020 Mexico ilirekebisha sheria zake kadhaa kwa mkupuo mmoja, ikaanzisha pia daftari la taifa la watu waliopatikana na hatia ya dhuluma hiyo, ambalo mpiga kura yeyote anaweza kulisoma.

Je, Kenya nayo itunge sheria ya namna hiyo? Kwa maoni yetu, ndiyo. Kosa lisilo na jina halipati jalada. Mwanamke mwaniaji aliyechaniwa nguo leo huandikwa kituoni kama mtu aliyepigana na jirani, na maana yote ya tendo lile hupotea hapo hapo. Daftari la Mexico linatupendeza hasa, kwa sababu wanasiasa wetu hawaogopi faini, wanaogopa kura. Lakini tusidanganyane. Kesi ya mauaji ya Juana Quispe mwenyewe ilikwama kwa miaka mingi baada ya sheria iliyotokana na damu yake kupitishwa. Karatasi haipelelezi. Nasi tunayo mfano wetu wa nyumbani: Katiba imesema tangu 2010 kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, na Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kulitimiza hilo. Bunge halikuvunjwa. Wabunge waliendelea kula posho zao hadi mwisho wa kipindi.

Jambo jingine la kuangaliwa ni mipaka. Mei 2025 Mama Martha Karua, aliyeingia Bunge letu mwaka 1992 akiwa mmoja wa wanawake 6 waliochaguliwa mwaka ule, alirudishwa kutoka Dar es Salaam alikokwenda kufuata kesi ya Tundu Lissu. Siku iliyofuata wanaharakati wawili, Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda, walikamatwa huko huko, na baada ya siku chache wakatupwa mpakani, yeye Mutukula na mwenzake upande wa Pwani yetu. Wote wawili walisema waliteswa na kutendewa dhuluma ya kijinsia wakiwa kizuizini. Polisi wa Dar es Salaam waliyaita maneno yao uvumi. Julai mwaka huo wakapeleka shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Mwanamke wa Uganda, aliyeumizwa Tanzania, akishtaki pamoja na Mkenya: tusiseme tena kwamba hili ni jambo la kaunti moja au la chama kimoja.

Katiba imeuweka uchaguzi mkuu Agosti 10, 2027. Kura za mchujo hutangulia kwa miezi kadhaa. Waliotiwa moyo na magavana wanawake 7 waliochaguliwa 2022, ilhali 2013 hakuchaguliwa hata mmoja, wanakuja kwa wingi kuchukua fomu za vyama, na magenge yanajua hivyo pia. Kwa hiyo tunadai mambo yafuatayo yafanywe mapema. Vyama vyote viandike katika sheria zao za mchujo kwamba mwaniaji ambaye watu wake wamemshambulia mwanamke hatapewa cheti, hata kama ameshinda. Tume ya Uchaguzi itangaze majina ya waliopewa onyo na faini, kwa sauti ile ile inayotangazia matokeo. Inspekta Jenerali atoe amri ya maandishi kwamba ripoti ya mwanamke mwanasiasa haitarudishwa kwa chama. Na malalamiko dhidi ya askari yapelekwe kwa mamlaka huru ya kusimamia polisi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, bila kupitia kituo anachofanya kazi askari huyo.

Na nyinyi, vikundi vya akina mama, kamati za haki na amani za parokia, vijana wa mitaa, msingoje amri hizo. Kila wadi iwe na watu wawili waliojitolea, wenye simu na nauli, watakaomsindikiza mwanamke yeyote aliyeshambuliwa. Kwanza hospitali, na kama amebakwa afike kabla ya saa 72 kwisha, ili dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zifae. Asioge. Nguo zisifuliwe wala zisitiwe katika mfuko wa plastiki, ziwekwe katika mfuko wa karatasi. Daktari ajaze fomu ya hospitali ya waliobakwa, na nakala ibaki kwa mwenyewe. Kisha kituoni, wasindikizaji wakiwa wamesimama pale pale mezani: habari iandikwe katika kitabu cha matukio, nambari ya OB isomwe kwa sauti na kunakiliwa pamoja na jina na nambari ya askari aliyeiandika. Fomu ya P3 haiuzwi. Askari akikataa kuandika, andikeni nyinyi siku, saa, jina la kituo na maneno aliyoyasema, mtie sahihi wote wawili. Karatasi hiyo siku moja itawekwa mbele ya jaji, kama walivyofanya wale 8, na atakayeulizwa maswali siku hiyo ni Serikali.